Bibi mwenye miguu miwili ya kulia

Saa tatu asubuhi, Kidole yuko kazini na hajashuka kitandani. Ameegemea ukuta, amenyoosha miguu, na kishikwambi kimelala juu ya mapaja yake kama sinia. Mkononi amevaa soksi kuukuu aliyoikata ncha, ili kiganja kisiguse kioo na kuharibu mistari. Pazia limeshushwa nusu, kwa sababu jua likipiga kioo haoni picha, anaona uso wake mwenyewe.

Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mama yake mzazi. Ana mguu mmoja, wa kulia. Mkongojo ameusimamisha wima kando yake.

"Mama, usisogee."

"Nisisogee mpaka lini? Hata jino niling'olewa kwa muda mfupi kuliko huu."

"Shika mkongojo vizuri. Nataka uonekane."

"Uonekane ufutwe tena?" mama anauliza. Binti yake anaikaza kalamu ya kidijitali na kuendelea kuchora.

Kidole ni jina la utani lililomganda tangu alipokuwa muuzaji katika duka la kutoa kopi, akichora wateja kwa kidole kwenye simu yake. Leo ana miaka thelathini na minne na anachora picha za vitabu vya watoto. Kishikwambi alikinunua mtumba, kona moja imepasuka, na ndicho kinachowalisha watu watatu: yeye, mama yake na binti yake wa darasa la pili. Malipo ya kitabu kimoja yanatosha kodi ya miezi miwili, na vitabu haviji kila mwezi.

Mama yake alipoteza mguu wa kushoto katika ajali ya barabarani, Kidole akiwa bado shuleni. Alipotoka hospitali alirudi kwenye cherehani yake ya kukanyaga na kuikanyaga kwa mguu uliobaki, mpaka binti akamaliza masomo. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye ofisi moja iliona anahuzunisha watoto.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana shirika moja la uchapishaji lilimpa Kidole kazi ya kuchora kitabu cha kusomea, kisa cha bibi anayempeleka mjukuu wake shuleni. Kidole hakutafuta bibi mbali. Alimchora mama yake, na mguu wake mmoja, na mkongojo wake. Michoro ya awali ya penseli ilipita ofisini bila neno. Picha za rangi zilipokamilika ndipo mtu fulani akaona kwamba mkongojo "unatia simanzi".

Hapo msomaji avumilie maelezo kidogo ya kazi. Picha ya kidijitali huchorwa kwa matabaka, mfano wa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: mbingu kwenye moja, ukuta kwenye nyingine, mtu kwenye yake. Kompyuta ya mezani yenye nguvu hubeba matabaka mengi bila kulalamika. Kishikwambi cha Kidole, picha ikiwa ya ukubwa wa kuchapwa, hugoma mapema. Kwa hiyo hufanya wanavyofanya wengi wenye vifaa kama chake. Akimaliza sehemu, anayagandisha matabaka kuwa moja, anapata nafasi, anasonga mbele.

Ofisi ilipofungua picha ili iuondoe mkongojo, ikakuta bibi, mkongojo na ukuta vimeshikana. Ingeweza kumpigia simu mchoraji, na namba yake wanayo. Haikumpigia. Mtu aliketi kwenye kompyuta ya mezani, akaupaka mkongojo rangi ya ukuta mpaka ukapotea, kisha akanakili mguu wa kulia wa bibi na kuubandika upande wa kushoto. Kuugeuza hakukumbuka. Kitabu kikaenda mtamboni na jina la Kidole ndani yake, na chini ya jina hilo bibi anatembea kwa miguu miwili ya kulia.

Aliyegundua ni binti yake. Alirudi na kitabu kutoka shuleni, amekasirika.

"Mama, wenzangu wanakucheka. Wanasema hujui viatu. Mbona bibi umemvalisha vya mguu mmoja?"

Bibi mwenyewe aliomba kitabu, akavaa miwani, akautazama ukurasa ule bila haraka.

"Wamenipa mguu," alisema. "Ila wangeniuliza kwanza ninaodai ni wa upande gani."

Alicheka peke yake. Kidole hakucheka. "Mama yangu alikuwa amewaambia majirani wote kwamba atatokea kitabuni," anasema. "Alishawaambia mpaka muuza mkaa. Halafu mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, anamfuta. Mimi unaweza kuniambia sijui kuchora, nitanyamaza. Lakini mama yangu alikukosea nini?"

Kesho yake alikwenda ofisini na kitabu mkononi. Anasema alipokewa kwa chai na kwa lawama. Kosa, aliambiwa, ni la kishikwambi. Kazi za kitaalamu hufanywa kwenye kompyuta ya mezani, na kishikwambi ni cha watoto kutazamia katuni.

Msanifu mkuu wa shirika hilo, alipozungumza na mwandishi kwa simu, hakubadili kauli. "Hatuna ugomvi na yule dada," alisema. "Lakini angetuletea matabaka yake vizuri, mkongojo tungeuondoa kwa kubofya mara moja, na hakuna ambaye angejua."

Maneno hayo yafaa kusomwa mara mbili. Kinachomsikitisha msanifu mkuu ni kwamba ufutaji wenyewe ulionekana. Alipoulizwa nani aliamua kwamba mkongojo unatia simanzi, alisema ulikuwa uamuzi wa pamoja. Alipoulizwa kama kuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa, alisema ameitwa kwenye kikao.

Kidole hana chuki na kompyuta. Baada ya kusemwa vile alirudi kwenye lile duka la kutoa kopi, sasa akiwa mteja, na kumwomba tajiri wake wa zamani amkodishe mashine jioni. Ina kioo kikubwa na ubao wa kuchorea uliounganishwa kwa waya. Anakiri alichokiona.

"Rangi za kule zinakaribia zile za karatasi. Kishikwambi kinakudanganya, kila kitu kinang'aa, ukichapa unakuta picha imepoa. Na matabaka kule huyamalizi. Hilo siwanyimi."

Lakini mkono wake haukuzoea. Kwenye kishikwambi anachora palepale anapotazama. Kwenye mashine ile mkono uko mezani na macho yako kwenye kioo. "Ni kama kumlisha mtoto uji huku unamtazama kwenye kioo cha ukutani," anasema. "Kijiko kitafika, lakini siyo mdomoni."

Tena duka liko ghorofani, na ngazi zile mama yake hazipandi. Kishikwambi hukaa kitandani, pale mama alipo. Hilo halimo katika hoja za msanifu mkuu.

Walimu walilalamikia ile miguu, ofisi ikakubali kuchapa upya. Kidole ametakiwa auchore ukurasa ule tena, safari hii kila kitu kwenye tabaka lake. Kuhusu mkongojo ameambiwa "utafikiriwa". Asipoleta picha kwa masharti hayo, kazi atapewa mwingine, na jina lake litabaki kwenye miguu ile.

Basi ametii. Mbingu ina tabaka lake. Ukuta una lake, lango la shule lina lake, begi la mjukuu na hata mbwa anayepita vina yao. Jioni atayapanga yote kwenye kompyuta ya dukani na kuyapa majina, wasije wakasema hawakuyaona.

Zimebaki sehemu chache, na ndizo anazozichora asubuhi hii. Mjukuu hamshiki bibi mkono tena. Ameushika mkongojo, vidole vyake vimeuzunguka, na kivuli chao watatu ni kimoja.

Baada ya kitabu hiki anataka kuandika na kuchora cha kwake, kuhusu mshonaji anayekanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mchapishaji hajampata. Jalada amekwisha kulichora.

Anavua soksi na kufuta kioo kwa pindo la kanga. Kisha anayachagua matabaka matatu, la bibi, la mkongojo na la mjukuu, anayabonyeza pamoja, na yanakuwa moja.

"Umemaliza?" mama anauliza.

"Nimemaliza."

"Na wakitaka kuufuta?"

"Wafute na wewe, mama. Wafute na mtoto. Halafu wachape picha ya lango, mbwa anapita."

Mama anaegemea mkongojo wake, anasimama na kunyoosha mgongo.

"Haya, lete nione," anasema. "Nataka nihesabu miguu."