Ninamjua shahidi wa siri anayemfunga mume wangu

Wapendwa wa ukurasa huu, nawasalimu. Admin, jina langu lifiche kabisa, hata mtaa wangu usiuandike. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wanne, naishi hapa Bunia na nauza samaki wa chumvi. Mume wangu ndiye anayeshuka Kasenyi kuwafuata ziwani, mimi ndiye wa sokoni. Wenye matusi naomba leo wapite kando. Siku nyingine ningewajibu, mnajua mdomo wa muuza samaki, ila leo sina nguvu.

Mume wangu yuko gerezani. Tangu jeshi lishike utawala huku kwetu, hata raia wanahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na yeye anashtakiwa kuwasaidia waasi. Kesi ilipoanza, wakili wake aliuliza: amewasaidia na nini, siku gani, wapi, nani alimwona? Mwendesha mashtaka akajibu kwamba hayo hayatajwi, ni siri ya ulinzi wa nchi, vita bado vinaendelea na shahidi wao lazima alindwe. Wakili akapandisha sauti: "Munamuuliza mutu swali, na swali lenyewe munalificha! Atajibu nini?" Baada ya mabishano marefu hakimu akaruhusu jambo moja tu lisemwe. Mume wangu aliwapelekea waasi mfuko wa chumvi, uliofungwa kwa kipande cha kikwembe.

Kikwembe ni kitenge, kwa ninyi wa mbali.

Mume wangu akaruka pale aliposimama. "Miye? Chumvi? Mungu iko anaona, sijawahi kubebea mutu yoyote chumvi!" Watu wakaguna, hakimu akatikisa kichwa kana kwamba anamsikiliza mwongo. Lakini alikuwa anasema kweli. Ile chumvi niliifunga mimi.

Sikilizeni. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, dereva wa pikipiki, alitekwa na waasi njiani akitoka kumpeleka mteja Djugu. Watekaji walinipigia mimi simu. Walitaka gunia la samaki, na chumvi ndani yake. Kamba zilikuwa zimeisha nyumbani, nikachana pindo la kitenge changu cha kijani nikafunga nalo mfuko wa chumvi, nikauzamisha katikati ya samaki, nikashona gunia. Mume wangu alibeba gunia akijua ni samaki tu. Sikumwambia habari ya chumvi kwa sababu alikuwa anatetemeka tayari, nikaona nisimwongezee. Akaliacha walipomwelekeza, akangoja barabarani mpaka wakamwachia shemeji yake, akarudi naye akiwa hai. Tukaapa kutolizungumza kamwe, maana huku ukimpa adui hata kwa kulazimishwa, unahesabiwa kuwa wake. Ndiyo maana hata mahakamani mume wangu hakulitaja gunia, na hiyo chumvi anaona ni jambo jingine kabisa.

Gunia lilifunguliwa kule porini mbele ya mdogo wangu, mwenyewe alinisimulia aliporudi. Sasa niambieni, nani mwingine aliyeuona ule mfuko akarudi Bunia kuusimulia?

Nilitoka mahakamani moja kwa moja hadi kwa mama, anakoishi mdogo wangu. Nilimkuta anaosha pikipiki. Nilimuuliza neno moja tu, "Chumvi?" Akaacha kitambaa kikaanguka, akaanza kulia. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Yaya, wanajeshi walinikamata ku barrière yao ya barabarani, wakaniuliza vile nilitoka ku pori. Miye niliwaambia yote! Nikasema shemeki alileta samaki juu ya kunikomboa miye. Wenyewe wameshika nusu, nusu ingine wameificha."

"Basi twende useme hiyo nusu ingine!"

"Nikisema, waasi watajua ni miye nilionyesha jeshi kambi yao. Wataniua, yaya. Hata hapa Bunia wako na watu."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuandika hapa. Kisha nikamkumbatia, maana nilimbeba mgongoni huyu mtoto. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu. Akaniambia polepole, "Bwana yako iko hai ku gereza. Huyu, wakijua jina yake, hataona hata hiyo gereza." Nilimchukia mama yangu siku ile. Lakini hakusema uongo.

Najua mtaniambia nimweleze wakili, aombe mahakama isikilize kwa faragha. Kwa faragha gani? Hapa kwetu linalosemwa ndani asubuhi, mchana tunalisikia sokoni. Wakili mwenyewe aliniuliza, "Mama, hiyo mambo ya kikwembe inakuambia kitu?" Nikamjibu hapana. Na nikimweleza mume wangu, atalisema mahakamani, na ana haki ya kulisema. Miaka ambayo mwendesha mashtaka anaomba afungwe ni mingi mno, atatoka watoto wameshaoa na kuolewa.

Jana nilimpelekea chakula. Amekonda, ndevu zimemjaa. Aliniambia, "Mama ya watoto, haiko gereza inaniumiza sana. Wangeniambia tu ile nilifanya, miye mwenyewe ningejua vile ya kujibu." Nilikuwa na jibu lake mdomoni, nikalimeza, nikamwambia ale ugali kabla haujapoa. Najiona mchawi.

Alhamisi wanasoma hukumu. Nilipokuwa naondoka aliniita tena, akicheka kidogo, mara ya kwanza tangu wamfunge. "Siku ile uvae kikwembe yako ya kijani, ile nilikununuliaka Kasenyi. Kule mbele nitakuwa na woga, niangalie nyuma nikuone." Hajui kwamba pindo lake limechanwa.

Nimekitoa sandukuni, kiko mapajani mwangu ninapowaandikia. Ndugu zangu, ninyi mlio na akili iliyotulia, niambieni kabla ya Alhamisi: nisimame mbele ya hakimu nikiwa nacho mkononi, au nikivae tu nikae nyuma, mume wangu anitazame?