Siku Watu Walipomjia Ersilia

Watu wa Federal Hill, pale Providence, Marekani, walimjua Gaspare Tuttolani kama muuza jibini, mzee wa sweta lililotoboka kiwiko. Waliojua kwamba genge zima la mji lilimsikiliza yeye, walijizoeza kutojua. Amri yake ilikuwa moja: ukinikuta njiani, nipite. Wenzake waliopenda kusalimiwa waliozea jela. Yeye alizeekea nyuma ya kaunta.

Basi mkewe Ersilia akafariki. Makachero wakaegesha gari mbele ya ukumbi wa msiba, kamera ikielekezwa kwenye mlango wa vioo. Walingoja mstari wa wafiwa. Kila anayekuja kuaga huupitia akiwabusu wafiwa mashavuni, na jinsi mtu anavyoinama, mkubwa wake anajulikana. Gaspare alilijua hilo, akatuma neno mapema: asije mtu.

Wakamtii. Mchana kutwa Ersilia alilala katikati ya viti vitupu. Wajane wachache wa kanisani walisali rozari huku wakinong'onezana.

Pasqualina, mdogo wa marehemu, akaja kuketi karibu naye.

"Shemeji, watu wako wapi?"

"Nimewaambia wasije."

"Dada yangu kawapikia miaka nenda miaka rudi. Watoto wao kawasimamia ubatizo. Leo anaagwa kama maiti aliyeokotwa stesheni."

"Kuna kamera nje, Pasqualina."

"Naijua. Nimewapelekea kahawa hao makachero." Akakunja leso yake. "Wewe jifiche, umezoea. Yeye alikuwa na nini cha kuficha?"

Gaspare aligeukia jeneza. Alimtazama mkewe. Kuna koti la manyoya ambalo Ersilia alilitazama kwenye dirisha la duka kila majira ya baridi, asiliombe, maana mke wa muuza jibini havai manyoya. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Maisha yote alijipunguza ili mumewe asionekane.

Mzee akainuka, akaenda kwenye simu ya ukumbi, akampigia msaidizi wake.

"Nunzio, njooni. Wote, na wake zenu."

"Mzee, na wale walio nje?"

"Nimesema njooni."

Kabla jua halijazama mtaa ulijaa magari. Nunzio aliingia wa kwanza na, kwa mazoea, akampita Gaspare macho yakiwa sakafuni. Gaspare akamkamata mkono.

"Unakwenda wapi? Nimefiwa na mke wangu."

Nunzio akatazama vioo vya mlango, akamtazama mzee. Kisha akambusu mashavu yote mawili, akainama kabisa, akaubusu na mkono.

"Pole, mzee. Alikuwa mama yetu."

"Nenda ukamwambie mwenyewe," Gaspare akasema, akampa mkono anayefuata.