Watano, Si Wanne

Kitabu tulicholetewa na wafadhili wa darasa letu kilianza na somo la ng'ombe wa maziwa. Ni darasa la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa hapa Kaloleni, mtaa wa jijini, ambako hata kuku anafugwa kwa kuibia. Kilinikera tangu siku ya kwanza. Nikakiweka kando, nikamwambia kila mwanafunzi alete kitu anachotamani kukisoma, tufanye kazi na hicho.

Mama mmoja wa kutoka magharibi mwa nchi, mjane wa karani wa reli, alileta karatasi ya mazishi ya mumewe, ile yenye picha mbele na historia ya marehemu ndani. Alikuwa ameihifadhi katika Biblia miaka sita. Kwa wiki kadhaa aliisoma kwa kidole, silabi baada ya silabi: alipozaliwa, aliposomea, alivyoajiriwa. Alipofika kwenye watoto, kidole kilisimama.

"Mwalimu, hapa wameandika wanne. Mimi niko na watano."

Aliyekosekana ni kifungua mimba, binti aliyekuja naye katika ndoa akiwa bado ananyonya. Marehemu ndiye aliyemlea, akamwita mwanangu hadi kufa kwake. Shemeji aliyeandika ile historia ndiye aliyemwacha nje. Na siku ya mazishi mshereheshaji alitangaza kwamba muda umekwenda, historia kila mtu ajisomee. Kwa hiyo mama alikaa kando ya jeneza ameshika karatasi iliyomkana bintiye, na wote waliojua kusoma, mchungaji akiwemo, wakasoma, wakanyamaza, wakaenda kula. Hadi leo nikikumbuka napandwa na mori. Binti mwenyewe aliisoma pia. Hakumwambia mamake.

Mama hakulia. Aliniomba daftari jipya. Alitaka kuiandika historia upya kwa mkono wake, isomwe katika ibada ya ukumbusho mwezi wa nane.

Akiwa ukurasa wa pili, mkaguzi wa wafadhili akaja. Kijana wa suti, umri wa kitinda mimba wa mama. Alilichukua daftari bila kuomba, akalipekua.

"Mwalimu, hii si silabasi. Hii ni mambo ya matanga, wafanyie nyumbani." Kisha akamgeukia mama, kwa sauti ya kubembeleza bibi kizee kama mtoto. "Haya, shosho, ng'ombe ako na chuchu ngapi?"

Mama huyu amekamua ng'ombe tangu utotoni. Akanyoosha mkono kudai daftari lake.

"Nne," akasema. "Watoto ni watano."

Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu halifuati mwongozo. Aliandika kweli.

Ibada ilifanyika katika ukumbi ule ule. Shemeji alikuwa amechapisha karatasi mpya, na watoto walikuwa bado wanne. Akashika maikrofoni, akasema chakula kiko tayari na muda umekwenda, historia mtajisomea.

Mama akasimama na daftari lake.

"Shemeji, mimi sasa najua kusoma. Keti nisome."

Akaketi. Mama alisoma polepole mno, akirudia maneno yaliyomshinda, chakula kikapoa, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Alipofika kwenye watoto alianza na kifungua mimba, akalitaja jina lake, akangoja binti ainue uso, akalitaja tena.