Breki na Uvimbe Usiojulikana Kwao

Kwenye shule ya udereva alikofundisha miaka kumi na tisa, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Breki, basi. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa kupiga kelele "Breki!" kutwa nzima, mguu ukiwa tayari juu ya ile pedali ya ziada ya upande wa mwalimu.

Asubuhi moja, akifunga mkanda, kidole chake kiligusa kitu kigumu shingoni, kama gololi. Hospitali wakakata kipande, majibu yakarudi: saratani. Tena haikuzaliwa pale shingoni. Ilikuwa imehamia kutoka kiungo kingine, na hicho kiungo hakikujulikana.

Msako ukaanza. Wakampitisha mpira wenye kamera kooni, wakampitisha mwingine kwa mlango wa nyuma, wakampiga picha mapafu, matiti na tumbo. Wiki saba, kote safi.

"Mdogo wangu, hujambo kila mahali ila unaumwa," akasema dada yake mkubwa, aliyekuwa akimsindikiza na kubishana na manesi wote.

"Dada, usinichekeshe, nimetoka kutolewa mpira."

Daktari, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akawakalisha chini. "Tusipojua ilikoanzia, dawa tutakayotoa ni ya kubahatisha. Ila seli ya saratani hata ikihama, vinasaba vyake hubaki na alama za kiungo ilikotoka. Kile kipande cha uvimbe tutakipeleka maabara, wazisome hizo alama na kuzilinganisha na za saratani zinazojulikana."

Breki akafikiri kidogo. "Kumbe haijapoteza lafudhi! Mtu anaweza kuishi ugenini miaka na miaka, lakini akifungua mdomo tu, unajua kwao wapi."

"Hiyo nitawaambia wagonjwa wengine," daktari akasema, akicheka.

Zikapita wiki tatu. Breki hakukubali kukaa nyumbani. Mume wake, fundi saa mpole kama maji ya mtungi, alijaribu kumshauri mara moja tu, akaona bora arudi kwenye saa zake. Kwa hiyo simu ilimkuta uwanjani, ndani ya gari, akimfundisha mfamasia mmoja mwoga kurudi nyuma katikati ya koni.

"Simama! Kanyaga klachi, usiiachie!" Akapokea.

"Majibu yametoka," daktari akasema. "Alama zinaelekeza kwenye titi, kwa uhakika mkubwa. Kesho uje tupige picha kwa mashine yenye nguvu zaidi. Na aina hii ina vidonge vyake hasa."

Breki akapiga kigelegele hadi vioo vikatetemeka. Akapiga dashibodi makofi, machozi yanamtiririka, meno yote nje.

"Mwalimu, umeshinda nini?" mfamasia akauliza, naye tayari anatabasamu.

"Saratani ya titi!"

Mfamasia akaachia klachi. Gari likaruka kinyumenyume, likalaza koni nne na pipa la taka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Breki akasahau kukanyaga breki. Walisimamishwa na ukingo wa majani. Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka mbavu zikauma, mfamasia akiomba samahani katikati ya kila pumzi.

Kesho yake mashine kubwa ikamwonyesha daktari kijidoa ndani ya titi la kushoto, kidogo kuliko punje ya mtama. Breki akaomba akione. "Ndiyo wewe uliyenizungusha wiki zote hizi? Huna hata haya!"

Akaanza vidonge. Viungo vilimuuma, joto likawa linampanda ghafla, akawa anafundisha madirisha wazi hata siku za baridi. Mwezi wa nne wa vidonge, gololi ikawa haishikiki tena. Daktari akamwonya kwamba safari bado, vidonge ni vya miaka na vipimo havikomi. Breki akaitikia kila neno kwa utiifu usio wa kawaida yake.

Nje, dada akataka kuhakikisha mwenyewe. Akapapasa shingo, akapapasa tena, akamwita shemeji yake naye apapase. Mume akagusa kwa ncha ya kidole, kama anayegusa sindano ya saa.

"Hakuna kitu," akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mume wangu!"

"Hakuna kitu!" akafoka, na watu wote wa foleni wakageuka.