Spika Iliyovuka Ukuta wa Singo

Kaka yangu wa Kinondoni hanunui kitu ambacho hakikuja na boksi lenye picha. Mimi dada yake naishi Mbagala, natengeneza redio na feni kibarazani kwangu, na kitu kikiwa na picha ya taa za rangi kwenye boksi lake nakitilia shaka kabla hakijafunguliwa. Basi mdogo wetu wa mwisho alipochumbiwa na ikapangwa singo yake, ile sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, ugomvi wa muziki ulitukuta wote wawili tuko tayari.

"Dada, naleta spika mpya," aliniambia. "Hiyo yenu ya mbao, tusiaibishane mbele ya wakwe."

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu ile spika haikuwa yangu peke yangu. Nyaya na mashine ya ndani niliunga mimi kwa risasi ya kuchomea, lakini boksi alilitengeneza baba. Baba ni mchongaji, alishuka kutoka Newala akiwa kijana na patasi zake, akatulea sote kwa sanamu. Wateja walipopungua, patasi zikaingia chini ya kitanda, naye akawa mtu wa kushinda anatazama barabara. Mimi ndiye niliyemwomba anitengenezee boksi la spika.

La kwanza lilikuwa zuri mno. Mkono wa baba haujui kuacha ubao mtupu, kwa hiyo alichonga ukoo mzima, watu wamebebana mabegani, na kati ya mikono na miguu akatoboa matundu mpaka mwanga ukapita, kama wachongaji wetu wanavyopenda. Majirani walikuja kulitazama. Nikafunga spika, nikawasha, likatoa sauti kama sufuria inayochemka bila mfuniko. Boksi la spika linatakiwa lishike hewa, nalo la baba lilivuja kila upande.

Kesho yake alilizungukazunguka, akaingiza kidole kwenye matundu, akasema, "Kumbe hii kazi inachongwa kwa ndani." Akatafuta mbao za mninga, akatengeneza jingine, nje halina hata ua moja, lakini maungio yake hayapitishi ukucha. Hilo ndilo kaka aliloliita la mbao. Baba alikuwa akiniuliza kila nikipita, kama mtu asiye na haja sana, iwapo litapigwa siku ya singo. Nilijua likikataliwa patasi zinarudi chini ya kitanda, na safari hii hazitatoka.

Siku ilipofika, spika ya kaka ilisimama mbele inawakawaka. Kwa singeli sikuwa na la kusema, besi ilitikisa mabati ya nyumba na tulicheza mpaka kanga za sare zikalowa. Ila somo, mama aliyekuja kumfunda mdogo wangu, na ambaye alinifunda hata mimi, alipochukua maiki, maneno yote yalimezwa na mngurumo. Wanawake wakawa wanaulizana kasema nini.

Somo si mtu wa subira. "Nimekuja kufunda au kutisha watoto?" akauliza.

Sikusubiri kutumwa. Nilichomeka yetu, akaanza upya, na sauti ikatoka ni yeye mwenyewe, hata kile kicheko kidogo anachokitanguliza kabla ya neno zito. Ukumbi wa maturubai ukatulia. Kizuri chajiuza, nilijiambia, na nilijiona mrefu kuliko wote pale. Akapita mambo ya jikoni, akapita ya mawifi, akaingia ya chumbani, kama aliyefunga mlango, akaanza kueleza.

Hapo tukasikia kukohoa. Nyuma ya ukuta wa ua walikuwa wamekaa wanaume wakisubiri pilau, baba, kaka na wazee wa upande wa bwana harusi, na mafundisho yale mwanamume hatakiwi kuyasikia hata kidogo. Alikohoa mmoja, wakakohoa wote. Kisha sauti ya baba, "Jamani huko ndani, tunasikia kila neno."

Somo akaweka maiki mapajani. "Zima," akaniambia. "Hii spika haina staha."

Nikazima, tukamsogelea tukabanana, akaendelea kwa mdomo.

Nilipotoka nje niliwakuta wanahamia uani kwa jirani. Kaka amebeba viti, hataki kunitazama. Mzee mmoja wa wakwe alikuwa akimuuliza baba spika kama ile inauzwa duka gani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, hathubutu kuniangalia usoni kwa aibu ya yale aliyoyasikia, lakini alijibu kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Hiyo haiuzwi dukani. Tumeitengeneza nyumbani, mie na binti yangu."