Dereva anayepima gari kutoka kiti cha nyuma

Jua bado halijachoma. Katika yadi ya magari kando ya barabara kuu, muuzaji anafungua mlango wa dereva wa gari jeusi linalong'aa kama kiatu cha bwana harusi, kisha anasogea pembeni ampishe mteja. Mteja anashukuru, anazunguka gari, anafungua mlango wa nyuma, anakaa na kufumba macho.

"Mzee wangu, usukani uko huku," muuzaji anamwambia.

"Nimeuona. Hautapotea."

Anaegemeza kichwa. Anakunja magoti, anayanyoosha. Anashuka polepole, halafu anapanda tena bila kutumia mkono wa kushoto, ameukunja kifuani kama mtu aliyefungwa bandeji. Muuzaji anatazama saa yake, anatazama juu, anavumilia.

Mteja huyu ni dereva wa miaka hamsini na sita. Abiria wake humwita Taratibu, na jina limemganda kiasi kwamba hata mkewe hulitumia akiwa amenuna. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitalini na kuwarudisha nyumbani. Mashine ya kusafisha damu inawataka mara tatu kwa wiki, mvua inyeshe, jua liwake, nao hawana tena nguvu ya kugombania usafiri na watu wazima wa afya.

"Mgonjwa wangu akitoka kwenye mashine, mkono mmoja hauna kazi," anaeleza, bado amekaa nyuma. "Umechomwa sindano, umefungwa. Kichwa kinazunguka. Sasa gari nikilipima kutoka kwenye usukani, nitakuwa najipimia mimi. Mimi siumwi."

Gari lake la sasa ni dogo na la chini, limechoka. Mwaka huu limewahi kuzimika katikati ya safari na wagonjwa wakiwa ndani, na siku moja Taratibu alilazimika kusimamisha gari la mchanga liwafikishe. Fundi wa gereji hafichi tena neno. "Aliniambia, mzee, hili gari linaishi kwa dua tu," Taratibu anasema. "Nikamjibu kwamba dua zenyewe ni za wagonjwa, kwa hiyo zinasikika."

Utani upo, lakini hesabu ni ngumu. Mafuta hula karibu theluthi ya anachopata. Kinachobaki kinalisha nyumba, na kidogo kinawekwa. Kidogo hicho, kikiwekwa kwa miaka tisa, sasa kinatosha kununua taslimu gari la juu la kawaida, jeupe, lililosimama upande wa pili wa yadi hiyohiyo.

Hili jeusi ni la ukubwa uleule wa kati na idadi ileile ya viti. Bei yake ni karibu mara mbili. Kulipata kunataka akiba yote, na juu yake mkopo wa miaka minne, huku hati ya nyumba ikilala benki. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo moja.

Mtu angedhani mke ndiye anayevuta breki. Sivyo. Mkewe, anayeshona na kuuza mapazia chumba cha mbele cha nyumba yao, ndiye aliyeliona jeusi kwanza.

"Baba watoto, umewabeba watu tangu mimi nikiwa na kiuno," alimwambia walipokuwa wakila. "Siku moja na mimi nishuke kwenye gari watu wageuke."

"Watageuka kuuliza nani analipa."

"Waache waulize. Nitakuwa nimeshashuka."

Alikuwa na hoja nyingine pia, nayo haikuwa ya kiuno. Kuna familia zenye uwezo ambazo zinao wazee wagonjwa, na familia hizo haziwezi kumpandisha mzee wao kwenye gari linalotoa moshi. Gari jeusi lingewaleta. Mkopo ungejilipa wenyewe. Taratibu aliipima hoja hiyo, ndiyo maana alirudi yadi mara ya tatu.

Mara hiyo ya tatu muuzaji alimwonyesha kitufe kidogo kando ya kiti, akacheka. "Hiki hakina kazi kwetu. Kinapasha kiti moto. Wenzetu wamekiweka kwa ajili ya barafu."

Taratibu alikibonyeza. Joto likapanda taratibu kiunoni, likafika mabegani. Akafumba macho hadi muuzaji akamuuliza kama yuko salama.

"Damu inatoka nje ya mwili, inasafishwa, inarudi," anaeleza. "Inarudi imepoa. Watu wangu wanatoka mle wanatetemeka, na nje jua linapasua mawe. Nina mablanketi mawili kwenye buti, watatu wanayagombania. Nikakibonyeza kile kitufe. Nikasema, huenda Mungu ameniletea gari lenyewe."

Hakusaini kitu. Aliomba jambo moja ambalo muuzaji hakuwahi kuombwa: alichukue gari hilo kwa mchana mmoja, awarudishe wagonjwa wake kutoka hospitali. Muuzaji alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba gari la zamani libaki yadi na yeye mwenyewe akae kiti cha mbele.

Basi mchana wa siku iliyofuata gari jeusi lilisimama mbele ya mlango wa hospitali, na wagonjwa watatu wakatoka. Wa kwanza ni mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hakuna habari ya redio asiyobishana nayo. Wa pili ni bibi mmoja anayeotesha maua ya kuuza. Wa tatu ni fundi cherehani kijana wanayemwita Sindano.

Bibi alifika mlangoni, akainama, akavua viatu na kuvibana kwapani.

"Bibi, vaa viatu," Taratibu alimwambia.

"Vina vumbi, baba. Gari la watu."

"Litakuwa langu nikilinunua."

"Ukilinunua nitavaa."

Wakapanda. Hatua ya mlango ilikuwa ya juu kidogo, lakini mpini wa ndani ulikuwa mahali pazuri kwa mkono wa kulia, na Mwalimu akasifu. Taratibu akawasha joto la viti. Bibi akashtuka, akapapasa alipokalia.

"Kiti kina homa," akasema. Baada ya kitambo akaongeza, "Lakini homa nzuri." Akafumba macho.

Barabara ya kutoka hospitali ina mashimo ambayo gari dogo huyahesabu moja baada ya jingine. Gari jeusi liliyapita kama limevaa soksi. Taratibu anakiri kwamba wakati huo moyoni alikuwa ameshasaini.

Kilichomtia shaka ni ukimya. Redio ilisema habari za bei ya sukari, na Mwalimu hakubishana. Alikaa mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeitwa ofisini. Bibi hakuegemea. Sindano alikuwa dirishani, amebana midomo.

Sindano ana shida ambayo wote wanaijua. Mara nyingi akitoka kwenye mashine, tumbo humgeuka njiani. Katika gari dogo halijawahi kuwa jambo la kujadiliwa. Taratibu humpa mfuko na taulo kwa kunyoosha mkono nyuma bila kukata maneno aliyokuwa akisema, Mwalimu hufungua chupa ya maji, na safari huendelea.

Siku hiyo Sindano alisema, kwa sauti ndogo, "Nishushe hapa. Nitatembea."

Kwake kulikuwa bado mbali. Taratibu alitazama kwenye kioo, akamwona machozi yamemjaa, akaelewa. Akasimamisha gari pembeni, akachukua taulo, akageuka.

"Hapo ndipo," anasema, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo haya anaacha kutabasamu. "Taulo siku zote nampa mtu. Siku ile nililitandika kwenye kiti. Mkono ulikwenda wenyewe. Yule kijana aliona, akafungua mlango, akaenda kutapikia kwenye majani amepiga magoti, ameshika tairi. Na mimi nilikuwa nimeangalia ngozi kwanza, yeye baadaye."

Muuzaji alikuwa mtu mwema. Alishuka, akamshika Sindano bega, akamnawisha kwa maji yake ya kunywa. Walipokwisha kuwafikisha wote, alimwambia Taratibu asijali, kwani ngozi ile inafutika kwa kitambaa chenye unyevu.

"Najua inafutika," Taratibu alimjibu. "Si ngozi."

Lakini hakukata shauri hapo hapo. Alijiambia huenda ni ugeni tu, na ugeni huisha. Jioni alipita kwa Mwalimu, akamkuta kibarazani amejifunika shuka.

"Mwalimu, mbona leo ulikuwa bubu?"

"Nilikuwa naogopa kukohoa."

"Kukohoa tu?"

"Lile ni gari la watu wanaokwenda sehemu, mwanangu. Sisi tunarudi. Ukilinunua tutalizoea, usihofu. Tutajifunza kuumwa kwa adabu."

Taratibu hakucheka. Mwalimu naye, anasema, hakuwa anatania.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, mpaka la taulo. Mkewe aliacha kukata pazia.

"Kwa hiyo ulitandika."

"Nilitandika."

"Mtoto wa watu anatapika, wewe unatandika kiti."

"Ndiyo, mama."

"Na hapo bado hujakilipia. Ungekuwa unadaiwa je?"

Mkewe akarudi kwenye pazia lake. Walisali pamoja kama kawaida yao, wakalala. Asubuhi mkewe alimwekea chai, akaketi mbele yake.

"Kachukue lile jeupe," akamwambia. "Lakini ile homa ya bibi usiisahau. Tafuta namna."

"Na watu kugeuka?"

"Nitashona gauni la kuwageuza. Ni rahisi kuliko benki."

Alilinunua jeupe wiki hiyo, taslimu, na hati ya nyumba haikutoka kabatini. Muuzaji alimpunguzia kidogo. Taratibu hana neno baya kwa gari jeusi. "Ni gari zuri, sidanganyi," anasema. "Utulivu ule, joto lile, vinastahili pesa. Mwenye uwezo na alinunue, Mungu amzidishie. Kwa kazi yangu mimi lingenigharimu nyumba, na lingenigharimu na watu."

Namna aliyoagizwa aliipata kwa fundi wa viti vya magari. Alinunua vitambaa maalumu vyenye nyaya ndani, vinavyopata moto kutoka kwenye betri, akamtaka fundi avishonee chini ya kitambaa cha viti vya nyuma na juu aweke plastiki nene ya kufutika. Fundi alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Joto, katika nchi hii ya jasho? Alishona, lakini alikuwa akitikisa kichwa hadi uzi wa mwisho.

Gari jeupe lina kelele kidogo. Mashimo ya barabara linayasikia, ingawa si kama lile dogo. Kwa ajili ya miguu ya Bibi, Taratibu amefunga kipande cha bomba chini ya mlango kiwe ngazi. Siku ya kwanza Bibi alipanda na viatu vyake, tena vina udongo wa bustani, akaweka na chungu cha mche kati ya miguu.

Ni leo, safari ya kurudi. Redio inasema jambo kuhusu mitihani. Mwalimu anaanza kuibishia kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

"Huyu hajawahi kushika chaki," anasema.

Sindano anashika tumbo. Taratibu ananyoosha nyuma mkono wenye mfuko na taulo, na taulo linaingia mkononi mwa kijana. Mwalimu anafungua chupa ya maji bila kuacha hoja yake. Sindano anatapika, kidogo kinamwagikia kitini.

"Sogea nifute," Bibi anamwambia. "Na wewe Mwalimu, mpe maji, chaki utamalizia."

"Nimeshampa."

"Amelowa shati."

"Si ndiyo maji hayo."

Sindano anacheka, taulo likiwa bado mdomoni. Taratibu anapunguza mwendo, ingawa mwendo wenyewe haukuwa na cha kupunguzwa.

Baada ya kuwashusha, anasimama kuongeza mafuta, na hapo ndipo anapoeleza mpango wake. Muuguzi wa chumba cha mashine alimwambia kuna mama mmoja mwenye watoto wadogo ambaye hukosa zamu moja kila wiki kwa sababu ya nauli. Anaposafishwa mara mbili badala ya tatu, anavimba miguu na pumzi inambana.

"Kama ningekuwa na mkopo, ningemhurumia tu," Taratibu anasema. "Kila mwezi ningekuwa nakimbizana na benki, kiti kisichokuwa na nauli ningekiona hasara. Sasa kiti cha mbele kiko wazi na sidaiwi. Mke wangu amesema kile kiti ni chake siku ya ibada tu, siku nyingine nimpe yeyote nitakayempa."

Anatumaini, Mungu akimpa uzima, kwamba baada ya miaka michache ataongeza gari la pili kama hili, apate dereva mwenzake. Taratibu atamfundisha mtu huyo jambo moja kabla ya kumpa ufunguo: atamkalisha nyuma, mkono mmoja kifuani, amzungushe mjini mchana kutwa.

Hayo ni ya baadaye. Kwa sasa amekwenda kwa yule mama, amekiona chumba chake, amehesabu ngazi za kushuka hadi barabarani.

"Ni nyingi," anasema, akifunga kifuniko cha tangi. "Nimemwambia asihangaike kuwahi. Jumatatu nitazima injini, nitapanda mimi kumchukua."