Siku Niliyotumwa Kuomba Ada Ipunguzwe

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo, kama siku zingeuzwa, ningeinunua niirudie upya.

Nilikuwa mvuvi hapa hapa mwaloni kwetu, mitumbwi inapotia nanga, ambako ardhi ya Geita inaishia ziwani. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mashauri. Tulichunga ng'ombe pamoja utotoni, na tulipokua kila mmoja akapata mtumbwi wake. Leseni ya uvuvi, sisi wa makasia tuliiona ghali kuliko nyavu zenyewe. Wengi walivua bila kuwa nayo, roho mkononi.

Basi afisa uvuvi akaitisha mkutano. Alitaka kusikia kilio chetu akipeleke juu, ada ipunguzwe. Wavuvi wakanichagua mimi niwasemee, maana nilimaliza darasa la saba na Kiswahili changu kilinyooka. Wengine walizoea Kisukuma na Kizinza tu.

Lakini, mwanangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Juma lililotangulia mjomba wangu aliuza dume la ng'ombe akanilipia leseni. Nikawaza: ada ikishuka, kila mtu ataingia majini, na samaki wangu watakuwa wa wote.

Afisa akauliza, "Haya, kijana, ada inawalemea?"

Nikasimama. Nikasema, "Tunashukuru, mheshimiwa. Tutajikaza."

Watu wakapiga makofi. Kiswahili hawakukifuata vizuri, wakadhani nimesema tuliyokubaliana. Mashauri alipiga kuliko wote.

Ada haikuguswa. Mashauri akaendelea kuvua kwa kujificha, kwani watoto hawali ahadi. Asubuhi moja akaiona boti ya doria, akapiga kasia kukimbilia maji makuu. Wimbi likampindua. Watu wa doria wenyewe ndio waliomwokoa, ila mtumbwi na nyavu vilizama. Asiye na mtumbwi huku kwetu atafanya nini? Akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Hata mwaka haukuisha, duara, yaani lile shimo la wachimbaji, likamwangukia. Alirudi nyumbani kwa machela, mguu umesagika.

Nilimpelekea sato wawili. Mkewe akanikaribisha kwa heshima zote, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Nikashindwa kula. Nikamweleza Mashauri yote, neno kwa neno, nilichosema siku ile na leseni niliyokuwa nimeshalipiwa.

Akasema kwa Kisukuma, taratibu, "Kumbe ulikuwa na chako. Basi ungekaa chini, ndugu yangu. Yeyote kati yetu angesema kwa lugha ya mama yake, akatafutiwa wa kumtafsiria."

Hakuniambia lingine, na hakuacha kuniita ndugu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Miaka ikapita. Katika mkutano mwingine Mama Kulwa, muuza dagaa, alisimama na Kiswahili chake cha kuungaunga, akaeleza jinsi leseni inavyowakimbiza wanaume ziwani na kuwaingiza mashimoni. Hakusita hata maneno yalipomshinda. Alionyesha kwa mikono. Safari ile ada ikashushwa. Vijana wakakata leseni, wakavua mchana kweupe. Na samaki niliowahofia? Tuligawana, na sikufa njaa. Nilipompelekea Mashauri habari, alifurahi kwa ajili ya wanawe. Yeye mwenyewe mguu haukumruhusu tena kupanda mtumbwi.

Leo, mwanangu, ninyi ndio mnaoitwa kwenye kamati na vikao, kwa kuwa mmesoma. Ukitumwa na watu, sema walichokutuma. Ukiona faida yako inavutana na yao, waambie mapema, umwachie mwingine nafasi, hata kama Kiswahili chake kinachechemea. Leseni ya bei ndogo haimpunguzii mtu kitu. Ubinafsi ndio unaopunguza. Na ukikosea, ungama mapema, kabla hujaletewa mtu kwa machela.

Mungu akupe ulimi mwaminifu, mwanangu. Ukirudi kwa waliokutuma, uweze kuwatazama machoni, na watoto wao wapate kula na kushiba pamoja na wako.